Rwanda: Funzo la kinamasi cha Rugezi, ambako umeme huanzia kwenye mafunjo

Miongo miwili baada ya upungufu wa umeme ulioionyesha Rwanda thamani ya kinamasi kimoja cha kaskazini, nchi hiyo inazalisha umeme kwa njia mbili zisizopatana. Njia ya kwanza inataka kinamasi kibaki na maji yake. Ya pili inataka udongo wa kinamasi uchimbwe, ukaushwe na kuchomwa. Kwa Burundi na Tanzania, ambazo zinagawana na Rwanda maji ya mto Akagera, uchaguzi kati ya njia hizo hauwahusu Wanyarwanda peke yao.

Ziwa liliposhuka

Katika milima ya kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda, kuna bonde refu lililojaa mafunjo na nyasi ndefu. Ndicho kinamasi cha Rugezi, chenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutiririka polepole hadi ziwa Burera. Kutoka Burera huteremka takriban mita 100 na kuingia ziwa Ruhondo, na katika mteremko huo ndipo kilipojengwa kituo cha umeme cha Ntaruka mwaka 1959. Chini ya Ruhondo kuna kituo kingine, cha Mukungwa, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980.

Vituo hivyo viwili ni vidogo kwa vipimo vya leo, kwani kila kimoja kina uwezo wa megawati 11 hadi 12 hivi. Lakini mwanzoni mwa karne hii vilikuwa mhimili wa umeme unaozalishwa ndani ya Rwanda, pamoja na mgawo unaotoka mto Rusizi, ambao nchi hiyo inagawana na Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kati ya mwaka 2003 na 2004, kina cha ziwa Burera kilishuka kiasi kwamba Ntaruka haikuweza tena kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Mgao wa umeme ukaanza. Serikali ililazimika kukodi mitambo ya dizeli, na mafuta yake yalipaswa kusafirishwa kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi. Bei ya umeme kwa mteja wa kawaida ilipanda zaidi ya maradufu katika muda mfupi.

Sababu hazikuwa moja. Mvua zilikuwa haba. Mahitaji ya umeme yalikuwa yameongezeka baada ya 1994 bila vituo vipya kujengwa, hivyo mitambo ilivuta maji ya ziwa haraka kuliko yalivyokuwa yakiingia, na matengenezo ya kituo yalikuwa yamezorota. Hata hivyo, wataalamu waliochunguza tatizo hilo walipanda juu ya ziwa, hadi Rugezi, na huko wakakuta sababu nyingine iliyokuwa imejijenga kwa miaka mingi. Kinamasi kilikuwa kimechimbwa mifereji ya kutoa maji ili kipate kulimwa, na milima inayokizunguka ilikuwa imebaki bila mimea ya kuzuia udongo.

Mimea hujenga udongo, udongo hushika maji

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndivyo ilivyo kwa kinamasi, ingawa kwa macho ya mpita njia huonekana kuwa maji tu yaliyokwama bondeni. Mambo matatu hukiunda na kukitunza: mimea, udongo na maji, na kila kimoja hutegemea viwili vingine.

Mafunjo hukua haraka sana na kufikia mita nne au tano. Ndani ya mashina yake mna vijitundu vya hewa, kama sifongo, vinavyoteremsha oksijeni hadi kwenye mizizi iliyozama ndani ya tope. Ndiyo maana mmea huo husitawi mahali ambapo mahindi au maharagwe yangeoza. Mizizi na mashina yake yanayotambaa husukana na kufanya mkeka mzito ambao mara nyingine huelea juu ya maji.

Mafunjo yanapokufa huanguka ndani ya maji. Katika shamba la kawaida, viumbe vidogo vya ardhini vingeyaozesha kwa miezi michache, lakini viumbe hivyo huhitaji oksijeni, na udongo uliojaa maji hauna oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo mabaki ya mimea hubaki, tabaka juu ya tabaka, nusu yakiwa yameoza na nusu yakiwa bado yana nyuzi zake. Tabaka hilo ndiyo mboji nzito ya vinamasi, ambayo Wanyarwanda huiita nyiramugengeri. Kwa kawaida huongezeka kwa milimita moja hivi kwa mwaka, wakati mwingine chini ya hapo. Hivyo, mita moja ya mboji ni kazi ya mimea ya miaka elfu moja au zaidi.

Mboji hiyo nayo huulipa mmea. Inapokuwa katika hali yake ya asili, takriban sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Mvua kubwa inaponyesha, kinamasi hupokea mafuriko na kuyatawanya katika upana wa bonde, huku mashina yaliyosongamana yakipunguza kasi ya maji na kuyalazimisha kuacha mchanga na tope lililoletwa kutoka milimani. Kiangazi kinapofika, maji huendelea kutoka kidogo kidogo. Unyevu huo usiokatika huyapa mafunjo mazingira yanayoyafaa, nayo huendelea kukua, kufa na kuongeza mboji.

Hapa pana jambo linalopaswa kueleweka vizuri, kwa sababu mara nyingi watetezi wa mazingira hulipita haraka. Kinamasi hakizalishi maji. Kinyume chake, kiasi fulani cha maji hupotea hewani kupitia majani na uso wa kinamasi chenyewe. Kazi yake ni kuyapangia maji muda wa kutoka, na kwa mwenye mtambo wa umeme, muda ndio wenye thamani. Maji yote ya mwaka yakipita katika wiki sita za masika, mashine zitazidiwa kwa wiki sita na kukaa bure miezi inayofuata.

Kinachotokea mfereji unapochimbwa

Mfereji mmoja tu huweza kuvunja mzunguko huo. Maji yakishuka, hewa huingia ndani ya mboji, na viumbe vya ardhini vilivyokuwa vimezuiwa kwa karne nyingi huanza kazi. Mboji huoza na kugeuka gesi ya kaboni inayopanda angani.

Mwanzoni mkulima huona neema. Kuoza kwa mboji huachia rutuba iliyokuwa imefungwa, na viazi au mboga za misimu ya kwanza hutoka vizuri, tena wakati wa kiangazi ambapo milimani hakuna kinachoota. Mafanikio hayo humshawishi jirani naye achimbe mfereji wake. Lakini baada ya miaka kadhaa rutuba hupungua na udongo huwa mchachu. Mboji iliyopoteza maji husinyaa na ardhi kudidimia, hivyo mfereji hauna budi kuchimbwa zaidi. Ikikauka kupita kiasi, hupasuka na kukataa kunyonya maji hata mvua inaponyesha.

Mafunjo nayo hutoweka kwa sababu hayana tena maji ya kusimamia, na yanapotoweka hakuna kinachoongeza mboji mpya wala kinachochuja tope. Udongo unaomomonyoka kutoka kwenye miteremko hupita moja kwa moja hadi ziwani. Nchini Rwanda jambo hilo si dogo. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa nchi hiyo ina zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba, na mashamba mengi yapo kwenye miinuko mikali. Kinachofanyika juu ya kilima huonekana bondeni baada ya mvua moja.

Ndiyo maana haikutosha kuitazama Rugezi peke yake. Mimea ya mlimani, mimea ya kingo za ziwa na mimea ya kinamasi ilikuwa sehemu za mfumo mmoja, na zote zilikuwa zimeguswa.

Marekebisho na waliolipia

Hatua za Rwanda zilikuwa kali. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliweka umbali ambao kilimo hakiruhusiwi kuukaribia maji: mita 10 kutoka ukingo wa mto na mita 50 kutoka ufuo wa ziwa. Huko Rugezi, kutoa maji kwenye kinamasi kulisitishwa, na kilimo pamoja na malisho vikapigwa marufuku ndani yake na kandokando ya ziwa Burera. Mwaka huohuo eneo la Rugezi, Burera na Ruhondo, lenye hekta zaidi ya 6,700, liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwenye kingo za ziwa ulipandwa ukanda wa mianzi na matete ya malisho ili kuzuia udongo. Milimani yalichimbwa makingamaji na kupandwa miti. Familia zilihimizwa kutumia majiko yanayookoa kuni na kufuga nyuki, ili shinikizo juu ya miti na kinamasi lipungue.

Mafunjo na nyasi zilirudi, na kina cha ziwa kikapanda. Kabla ya muongo huo kwisha, Ntaruka ilikuwa imerejea kwenye uwezo wake kamili, na mwaka 2010 Rwanda ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo. Mvua zilizoboreka zilichangia, kama vile uhaba wa mvua ulivyochangia tatizo. Hata hivyo, mvua pekee isingerudisha ukanda wa mimea ulioondolewa kwa jembe.

Ndege nao walinufaika. Rugezi ni miongoni mwa makao muhimu zaidi nchini Rwanda ya korongo mwenye taji, anayeitwa umusambi kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi, na ambaye ndiye nembo ya Uganda. Korongo huyo aliingizwa mwaka 2012 katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Hutaga kwenye ardhioevu, hivyo kinamasi kikilimwa hukosa mahali pa kulea.

Lakini hesabu ya mafanikio hayo ina upande wa pili. Waliopata umeme tena walikuwa hasa wakazi wa Kigali na miji mingine. Waliopoteza mashamba walikuwa familia za kando ya kinamasi, ambazo nyingi hazikuwa na umeme nyumbani. Kwa familia yenye kipande kidogo cha ardhi mlimani, shamba la bondeni ndilo lililokuwa likiwavusha kiangazi, na marufuku iliwafikia mapema kuliko mizinga ya nyuki na kazi mbadala. Ndiyo sababu kukata majani ya malisho na kulima kwa siri hakujakoma kabisa, na ulinzi wa Rugezi hadi leo unahitaji maofisa wa kusimamia. Ardhioevu inayolindwa kwa hasara ya majirani zake hukosa walinzi wa kweli.

Akanyaru na njia ya pili

Kusini mwa nchi, mambo yalichukua mkondo mwingine. Mto Akanyaru, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka wa Rwanda na Burundi, hupita katikati ya vinamasi vipana vyenye akiba kubwa ya mboji. Mboji iliyokaushwa huwaka, na nchi isiyo na mafuta wala makaa ya mawe iliiona kama nishati yake ya nyumbani.

Rwanda ilianza na kituo cha Gishoma wilayani Rusizi, chenye uwezo wa megawati 15, ambacho mara nyingi kimezalisha chini ya uwezo huo. Kisha kikajengwa kituo kikubwa zaidi wilayani Gisagara, karibu na mto Akanyaru, chenye uwezo wa megawati 80. Uwezo huo unazidi mara tatu wa Ntaruka na Mukungwa zikijumlishwa.

Wanaoitetea njia hii wana hoja za uzito. Mwaka 2004 uliifunza Rwanda hatari ya kutegemea dizeli inayosafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na pia hatari ya kutegemea mvua. Mtambo wa mboji hausubiri masika. Viwanda, hospitali na shule zinahitaji umeme leo.

Hata hivyo, mantiki ya Rugezi haiachi kuwa kweli kwa sababu ya mahitaji. Mboji inayochomwa kwa saa chache ni mabaki ya mimea ya karne nyingi, na hakuna mpango wa upandaji unaoweza kuirudisha katika umri wa mwanadamu. Kwa kila kipimo cha joto linalopatikana, mboji hutoa gesi ya kaboni nyingi kuliko makaa ya mawe. Zaidi ya hayo, mahali ilipochimbwa hupoteza kile kinachoshika maji. Kwa lugha ya mhasibu, Ntaruka inaishi kwa faida inayotolewa na kinamasi kila mwaka, ilhali mtambo wa mboji unakula mtaji.

Burundi haiwezi kulizungumza jambo hili kama mtazamaji tu. Shirika lake la umma la mboji, ONATOUR, lilianzishwa mwaka 1977 na limekuwa likichimba nishati hiyo kwa matumizi ya kupikia, hasa katika taasisi zenye watu wengi kama kambi na magereza. Hoja yake pia ilikuwa na msingi: kila tani ya mboji ilitarajiwa kuokoa miti. Nchi zote mbili, kwa hiyo, zimesimama mbele ya swali moja, nalo ni kinamasi kipi kiguswe, kwa kiasi gani, na nani apimwe hasara itakayotokea chini ya mto.

Rusumo: hesabu ya pamoja

Chini ya mto kuna mahali pa kulijibia swali hilo. Maji ya Rugezi, baada ya kupita maziwa mawili, huingia mto Mukungwa, kisha Nyabarongo. Akanyaru nayo huungana na Nyabarongo, na mto unaoendelea huitwa Akagera. Kutoka Burundi huja Ruvubu, mto unaopokea maji ya chemchemi ya Rutovu, ambayo Warundi wanaijua kama chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Ruvubu na Akagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania.

Hapo Rusumo ndipo kilipojengwa kituo cha umeme cha megawati 80 kinachomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, ambacho mashine zake zilianza kazi kati ya mwaka 2023 na 2024. Kila nchi ina haki ya theluthi moja, yaani takriban megawati 27. Kwa Burundi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na umeme haba, theluthi hiyo ina uzito mkubwa.

Kituo cha Rusumo hutumia maji kadiri mto unavyoyaleta. Hakina ziwa kubwa la kutengenezwa lenye uwezo wa kuweka akiba ya msimu mzima. Maana yake ni kwamba ghala lake la maji ni vinamasi na maziwa ya juu ya mto: Rugezi, Akanyaru, maziwa ya Bugesera na Kirundo, pamoja na mabonde ya Ruvubu. Mafunjo yanayosimama huko ni sehemu ya mtambo huo, ingawa hayakuandikwa katika mkataba wa ujenzi.

Faida haziishii Rusumo. Akagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwa Victoria. Tope ambalo halikuchujwa milimani Rwanda na Burundi husafiri hadi Kagera nchini Tanzania na hatimaye ziwani, ambako wavuvi hawana namna ya kujua lilitoka kilima kipi.

Funzo la Rugezi, basi, lina sehemu mbili, na zote zinahitaji kushikwa pamoja. Sehemu ya kwanza ni kwamba mimea, udongo na maji vya kinamasi huwezi kuvitenganisha, ukachukua kimoja na kutarajia vingine vibaki. Sehemu ya pili ni kwamba mkulima wa kando ya kinamasi naye yumo katika mfumo huo. Mwaka 2005 aliombwa kuondoka ili taa ziwake kwingine, na alipofidiwa, alifidiwa kwa kuchelewa.

Nchi tatu zinazogawana umeme wa Rusumo tayari zinagawana megawati na gharama za ujenzi. Hazijagawana bado gharama ya kuacha bonde bila kulimwa wala kuchimbwa. Sehemu ndogo ya mapato ya kila uniti inayouzwa ingeweza kurudi kwa familia za Burera, Gisagara, Kayanza na Kirundo zinazoishi kando ya vinamasi, ikiwa malipo ya kazi ambayo ardhi yao inaifanya. Bila utaratibu wa aina hiyo, kila serikali itaendelea kumwomba mwananchi aliye maskini zaidi alinde maji kwa ajili ya wengine, na kila kiangazi kirefu kitakapofika, mfereji utachimbwa tena.